Amekumisi

Bi Mwanashee alileta simu imefungwa kwenye pindo la leso,
pamoja na ufunguo na noti ya hamsini.
"Hebu nisomee. Tangu alfajiri imelia mara mbili."
Kibandani mwangu Langoni nauza chaja, kava, kadi za simu,
na miwani yake ilivunjika tangu Mfunguo Sita.

Nikasoma: Bibi, nimekumisi sana.
Ni Thureya, kutoka Doha.

"Amenitenda nini?"
Amekumisi.
"Misi ni yule mwalimu wetu wa kushona,
aliyekuwa akitupiga rula vifundoni.
Nami nimekuwa mwalimu?"

Foleni ikaangua kicheko.
Nikamwambia, ni Kizungu, Bi, tena cha kale.
Kamusi ya mwanangu yasema lilianza na silaha:
umerusha, ikapita kando ya shabaha.
Baadaye likamfaa abiria aliyeachwa na boti,
na mtoto ambaye hakufika darasani.
Sijui ni lini liliingia kifuani mwa watu
likawa ni maumivu.

Akafikiri, kidole kwenye kidevu.
"Basi ni kukosa."
Ndiyo, ni kukosa.
"Amenikosa."

Hakuna aliyecheka tena.
Mji huu ni mdogo; sote twajua
kwamba pasipoti ilipatikana kwa siri,
kwamba bangili mbili za dhahabu
zilitoka sandukuni usiku mmoja na msichana,
bila kuagana.

Mtu hukosa usingizi, hukosa chumvi, hukosa adabu.
Neno letu halina haya, hubeba kiu na hatia
katika kikapu kimoja.
Amenikosa. Amenikosea.
Kati yao pana irabu moja tu,
nyembamba kama ufa wa mlango.

"Hilo neno la mishale linamficha," akasema.
"Kama amenikosa, na arudi.
Kama amenikosea, na aseme."

Nimjibu nini, Bi?
Akanyamaza hata mtu wa nyuma akakohoa.
"Andika: hata mimi."
Hata wewe umefanya nini?
"Wacha hapo hapo.
Siku ile alipoomba ruhusa, nilimfungia mlango.
Atajua mwenyewe."

Nikatuma. Tiki moja. Tiki mbili, za kijivu.
Akaitazama kioo ikazimika,
akaifunga simu ndani ya leso, fundo juu ya fundo,
kisha akanidai chenji yake.