Kitunguu

Siku ya kwanza, Newala,
Bakiri, miaka kumi na saba, alilizwa na kitunguu.
Nilikimenya mimi, mshika maiki,
nikamfichia kiganjani kamera isikione.
"Nakupenda," akamwambia Somoe,
kama anayesoma bei ya korosho
ubaoni, mlangoni pa ghala.

Tukarudia. Mara tisa. Mabibo yakachacha ndooni.

Wiki ya sita, tukio la stendi:
Somoe kapanda basi la Masasi,
yeye kabaki na begi lisilo lake.
Nikamnyooshea kitunguu. Akatikisa kichwa.
Hakulia.
Alifunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga,
nikaisikia kwenye hedifoni, kri, kri,
na mwongozaji akasahau kusema "kata".

Usiku kitunguu nilikikaangia dagaa.
Nikalia mimi.