Tarehe Thelathini na Moja Novemba

Miaka kumi na tisa nimelipwa kusema shh.
Barua ya ajira haikuandika hivyo,
iliandika mkutubi msaidizi, daraja la pili,
lakini kidole changu cha shahada kinaijua kazi yake,
kimezoea njia ya mdomoni kama kijiko.

Jumamosi ile wakaja Temeke wanne na maboksi meusi.
Mlinzi Kapufi akawafungulisha yote getini,
akachungulia, akagonga ubao kwa ukucha,
akasema: haya, vimelala, piteni.

Fidla mbili, fiola, na selo
iliyobebwa na binti mwembamba, Anasia,
kama mtu anayemtoa mgonjwa wodini.
Jukwaa hatuna. Tukasogeza rafu ya magazeti,
tukakusanya viti, kimoja kikatoka kwa watoto,
chekundu, kifupi, na Gervas wa fiola
akakikalia magoti yakimfika kifuani.
Feni ikizunguka, karatasi za noti zinaruka.
Feni ikizimwa, tunaiva.
Nikaenda uani nikaanua vibanio
kwenye kamba ya matambara ya deki.
Selo nayo ikawa inateleza kwenye terazo,
nikatoa kitabu cha simu cha mwaka tisini na sita,
nikakifungua katikati.
Mguu wake wa chuma ukazama
kwenye ukurasa wa akina Mushi.

Hapo Sikudhani, kidato cha nne, akanijia mezani:
"Mama, mtihani wa hesabu ni Jumatatu.
Nyumbani tuko tisa, na redio ya jirani ni wa kumi.
Kimya nilikuwa nakipata hapa."
Sikuwa na jibu.
Nikamwonyesha pembe ya mwisho, kati ya Kilimo na Dini,
na sikumtazama usoni.

Wakaanza.
Fidla mbili zikagombana kama wapangaji siku ya kununua umeme,
fiola katikati, shemeji asiyetaka kuegemea upande,
na selo chini kabisa ikiitikia, naam,
naam, kama msikilizaji mwema wa hadithi,
yule anayejua kwamba bila yeye
msimulizi angekwenda kulala.

Msomaji wa magazeti, Bwana Mwakalinga,
alishikilia ukurasa mmoja wa vifo
bila kuugeuza. Labda alikuwa anasikiliza.
Labda aliona jina.

Kisha umeme ukakatika.
Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama,
na wale wanne hawakusimama.
Nikasikia nywele za upinde zikikwaruza uzi,
pumzi ya Gervas kabla ya kila mwanzo,
na pale walipoinua mikono wote pamoja,
kitambo kifupi tu,
nikasikia kitu nisichowahi kukisikia mle ndani.
Kumbe miaka kumi na tisa
nilikuwa nalinda mvumo wa feni.

Mtu mmoja alikuwa mbele yangu na kitabu cha kuku wa mayai.
Nilichukua muhuri, nikazungusha vigurudumu vya tarehe
bila kutazama, kidole kikifuata selo,
nikagonga.
Akaniambia asante kwa midomo tu, bila sauti,
kama anayeogopa kunikemesha.

Sitasema uongo kwamba Sikudhani aliguswa.
Alikaa na vidole gumba masikioni mpaka mwisho,
kalamu kinywani, kisogo kwetu,
akakunja daftari, akaondoka bila kuaga.
Sijui alifauluje. Nimeshindwa kumuuliza mtu.

Anasia alipong'oa selo yake
ukurasa ulibaki na tundu dogo la mviringo.
Kitabu kile sijakitupa.

Jioni nikafungua daftari la kuazima,
nikauona mstari wangu mwenyewe, wino wa zambarau:
Ufugaji wa Kuku wa Mayai, kirudishwe
tarehe thelathini na moja Novemba.

Mwaka wa pili huu, hajakileta.
Msimamizi ananiuliza kuhusu faini.
Namwambia tarehe yake haijafika.