Mkonge wa Mia Nane

Niliununua Barabara ya Ngong,
kwa Gathogo mwenye kitalu kando ya lami,
mia nane pamoja na chungu cha saruji.
Akanifungia kwa gazeti kama anayefunga samaki.
"Haya, mama, haya ndiyo mapafu ya nyumba.
Usiku unafyonza sumu, alfajiri unakupa hewa.
Uweke chumba cha mtoto. Utarudi kunishukuru."

Sikumwambia
kwamba kwetu Kibwezi mbuzi wa nyanya
huuruka mmea huu wakienda kunywa maji;
kwamba nyanya aliuponda kwa jiwe, akasokota kamba,
kamba ikafunga fahali, ikafunga mlango wa zizi,
ikafunga na godoro langu siku nilipokuja Nairobi.
Mwenye mgonjwa haulizi bei.
Hununua hata cha kwao.

Chumba chetu kiko orofa ya nne, Pipeline.
Dirisha lilikuwa likitazama anga,
sasa linatazama jengo la jirani:
ukinyoosha mkono unagusa plasta yake.
Chini, katika upenyo ule, Mama Achola hukaanga mihogo,
na kinyozi huwasha jenereta stima zikipotea.
Moshi hauna miguu lakini ngazi zote unazijua.
Basi tukaliziba dirisha kwa magazeti na gundi,
tukauacha moshi wa watu nje,
tukajifungia na wa stovu yetu.

Syombua ana miaka sita na pumzi ya kuazima.
Usiku kifua chake hulia kama birika
iliyosahauliwa motoni,
nami huipapasa inhela gizani, chini ya mto,
huku mkonge umesimama pale pembeni,
wima, kimya,
kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi.

Wiki ya tatu, Jumapili, baada ya kufua,
nilichukua kitambaa cheupe
nikapangusa jani moja, kwa adabu tu,
kama unavyompangusa mtoto pua mbele ya wageni.
Kitambaa kikatoka cheusi.
Jani la pili, cheusi. La tatu.
Vumbi la barabara lina wekundu, nalijua;
hili lilikuwa laini, lenye mafuta,
ndugu wa masizi ya sufuria.
Nikakaa sakafuni na kitambaa mapajani.
Mmea haukuwa umefyonza chochote.
Ulikuwa umeandika.
Kila usiku wa mafuta ya taa, kila sahani ya mihogo,
mstari juu ya mstari,
ukingoja mtu wa kuusoma.

Na kama jani, lisilo na haraka ya kupumua,
limebeba haya kwa wiki tatu,
je, huyu wa miaka sita?
Yeye ndani nitampangusa na nini?

Nikabandua magazeti. Obonyo, mlinzi wa ploti,
akaja na bisibisi, akinung'unika habari za wezi.
"Orofa ya nne, Obonyo?"
Akacheka. Rangi iliyoganda ikakatika,
dirisha likalia mlio wa kitu kilichoamshwa.

Kisha nikashuka kwa Mama Achola.
Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, leso nimeifunga kiunoni.
Nikamkuta amejishika mbavu, anakohoa kuliko mwanangu.
"Sasa mimi niende wapi?" akauliza.
Sikuwa na jibu, tukabaki tukiangalia karai.
Jioni ile alisogeza jiko hatua tano, kuelekea barabarani.
Hatua tano ni hatua tano.

Stovu yetu sasa huwashwa varandani.
Mkonge umehamia dirishani,
Syombua ameupa jina: Kamba.
Inhela bado iko chini ya mto,
ila kuna usiku hupita bila kuitafuta.
Jumapili iliyopita kitambaa kilitoka kijivu.
Si cheupe. Kijivu.

Nilipita kitaluni tena. Gathogo akaniita kwa mbali,
"Mama, hewa je?"
Nikamjibu mmea wake hausemi uongo.
Akatabasamu, akadhani namsifia bidhaa.