Maagizo kwa Anayeshika Pedi Mara ya Kwanza

Karibu. Vua viatu, zulia ni la dada yangu.
Kiti cha bluu kimeteguka mguu, kaa hiki.
Sakafu ikitetemeka usishtuke,
ni mashine ya Ogola huko nyuma, inasaga mtama;
hapa Nyalenda hata mazimwi yetu yananuka unga.

Shilingi ishirini kwa nusu saa. Lakini nakuonya,
nusu saa ya kwanza huishia kwenye kuumba uso.
Wandera alitumia sitini akichagua pua,
akaenda zake bila kuona hata kunguru.

Humu hamna goli. Najua umezoea goli.
Hamna kipenga, hamna dakika ya tisini.
Utaamka kando ya mto unaopanda mlima,
huna jina, una kisu butu na kipande cha mkate,
na mtu wa kwanza kukutana naye
atakuomba huo mkate.

Usinitazame. Mimi kazi yangu kukusanya pesa.

Kitufe cha juu: mpe.
Cha chini: mnyime.
Cha kushoto: mwambie umeshakula wote.
Na ukikaa kimya mpaka maneno yafifie,
huo ukimya nao umehesabiwa.
Utaukuta mbele, saa sita baadaye,
umeketi mlangoni kwa mtu, unakungoja.

Kila mgeni huniuliza: lipi jibu sahihi?
Kijana mmoja wa Maseno alikuja na karatasi,
akachora mishale, akitafuta njia isiyo na hasara.
Siku ya nne akaikunja,
akaniuliza kama nauza soda.

Mimi nami nilijiona fundi.
Miaka miwili nimeimaliza mara tisa:
nimekuwa mfalme, nimekuwa mwizi wa kengele,
nimeuchoma ule mji wa chumvi, nimeulinda.
Mpaka siku Nyar Ugenya alipoingia
na beseni la omena kichwani,
amemfuata Opondo wake amtoe kwa sikio.

Kwenye skrini alikuwa mtoza ushuru wa malkia,
daftari mkononi, anataka jina:
nani kaficha chumvi kijijini?
Mtaje. Kataa. Chomoa kisu.
Opondo kidole chake kilikuwa tayari kwenye kisu.

Mama akatua beseni. "Sogea," akasema.
"Huyu wa daftari, ana watoto?"
Nikacheka. Nikamwambia, mama, huyo ni picha tu.
"Nimekuuliza."

Basi nikatafuta. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu
niliyoyaruka mara tisa nikidhani ni pambo:
*Muulize habari za nyumbani.*

Akabonyeza, kwa kidole chenye magamba ya samaki.
Yule mtu akavua kofia. Akaketi juu ya jiwe.
Akasema kwa dakika kumi na moja:
binti aliyeacha kumsalimu, goti linalouma wakati wa mvua,
na jinsi mkono wake ulivyoanza kuandika majina peke yake.
Hata mashine ya Ogola ilinyamaza, au sikuisikia.

"Ndivyo nifanyavyo na wa kanjo pale Kibuye," mama akasema.
"Wengine husikia. Wengine huchukua beseni vilevile."

Tulikuwa tunangoja afunge daftari au alifungue
stima ilipopotea.

Kwa hiyo agizo langu la pekee la maana:
hifadhi mapema, hifadhi kila mara,
stima ya huku haina adabu.
Nimerudi pale peke yangu, usiku, mara nyingi.
Nauliza swali lilelile,
naye hunitazama, husema hana muda.
Labda kuna jambo nilimfanyia mwanzoni. Labda ule mkate.

Haya, shika. Kidole gumba hapa, kingine pale.
Ukimfikia mwenye daftari, niite,
hata kama nina wateja.
Sitakwambia ubonyeze wapi.
Nitasimama tu nyuma ya kiti.