Sauti Kutoka Kabatini

Saa sita na nusu usiku, Mabatini inanyamaza.
Si kimya hasa. Baa ya Ng'habi imezima jenereta,
mbwa wamechoka kuyabwekea mawe.
Naingia kabatini,
magoti kidevuni, simu juu ya boksi la viatu.
Makoti ya marehemu mama yananifunika
ili sauti isigonge ukuta ikanirudia.

Somo la kumi na moja: osmosisi.
Slaidi ni ya Kiingereza. Maneno yamepanga foleni,
yamefunga tai, hayana jamaa hata mmoja humu.
Mwanzo niliyasoma vilevile, neno kwa neno,
kama karani anayeita majina ya wadaiwa.
Watahiniwa mia mbili na kumi walifungua.
Tisa walifika mwisho.

Ukaja ujumbe kutoka Igombe,
bila salamu, bila nukta:
*mwalimu kusoma najua
nisemee ambacho hakijaandikwa*

Nilinuna siku mbili.
Ya tatu nikafuta aya, nikafuta mapambo,
nikaacha duara, mstari mwembamba, mshale.
Nikavuta pumzi. Nikabonyeza.

"Jamani, kalamu chini kwanza.
Mmewahi kumwona mtu akitengeneza kayabo?
Sangara kapasuliwa, kalazwa, chumvi kwa viganja.
Asubuhi beseni lina maji.
Nani kayatia?"

Hapo nikanyamaza.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
(Ukimya nao ni chaki,
ila nilichelewa kulijua hilo, miaka kumi na minane ubaoni.)

"Hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya nyama,
yamepenya ukuta usioonekana, yanaifuata chumvi.
Sasa tazama mshale."

Mvua ikaangukia bati kama mtu kamwaga kokoto.
Nikakohoa. Nikasema yanaingia badala ya yanatoka,
nikacheka, nikasema ngoja, nirudie.
Nilitaka kukata kipande hicho,
bando likakata kabla yangu.
Likaenda hivyo hivyo, na kikohozi chake.

Jumatano akanijibu kwa sauti.
Kwanza kunguru. Kisha injini ya mtumbwi ikikataa kuwaka.
Kisha chumvi: kumbe chumvi ina mlio,
kama nyayo za mtoto kwenye changarawe.

"Mwalimu, ni Nyanjige.
Sikio moja nakusikiliza wewe, la pili namsikilizia tajiri.
Mikono ina chumvi hadi viwikoni,
ukurasa ningeufungua kwa pua?
Pale uliponyamaza nilikuwa nimeinua beseni.
Nikajibu kwa nguvu: HAKUNA!
Wenzangu wakadhani nimepandwa.
Ulipokosea ukarudia, ndipo na mimi nikashika,
maana hata mimi nilikuwa nimesema yanaingia.
Ila hukuwaambia kwamba maji ya kwanza ni mekundu.
Waambie. Mtu asije akaogopa.
Halafu, mwalimu,
hii mikono yangu. Ngozi imekauka, imepasuka, inawaka usiku.
Na yenyewe ni osmosisi?"

Nikaisikiliza mara tatu nimesimama jikoni,
chai ikapoa ikafanya utando.
Kwenye slaidi sikuwa na mikono.
Katika mtaala mzima hakuna mikono,
kuna viazi tu, vimekatwa vipande sawasawa.

Leo nimerudi kabatini.
Nimemwomba ruhusa, kakubali kwa sharti moja:
kunguru wasiondolewe.
Somo la kumi na moja, sehemu ya pili.
Picha hakuna. Kioo ni cheusi kitupu.
Kunguru wanalia, injini inakataa, chumvi inatembea,
swali lake linapita lote, mpaka *inawaka usiku*.

Halafu zamu yangu.
Nanyamaza.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Tano.