Mpinzani

Kwenye filamu mvua inanyesha.
Siku ile haikunyesha. Kulikuwa na vumbi jekundu la uwanja
na mlima umejifunika tangu alfajiri
kama mgeni asiyetaka kusalimiwa.
Lakini mvua inapendeza kwenye picha, nadhani.
Nywele za mwigizaji zinamgandia shavuni,
na ukumbi mzima wa Moshi unavuta pumzi.

Raketi ameishika kama mwiko wa ugali.
Aikaruwa aliishika kama mtu aliyebeba kuku wa kuazima:
asimuumize, asimwachie.

Jina lake wameliandika kwa herufi kubwa.
Mimi nimekuja mwishoni, baada ya wapishi na madereva:
Mpinzani.
Basi. Kama vile neti ilikuwa ikimrudishia mipira yenyewe.

Naitwa Anande. Mkono wa kushoto.

Zawadi zilipangwa juu ya meza moja.
Kwa wanaume, baiskeli ya Phoenix,
usukani bado umeviringishwa karatasi,
na bahasha.
Kwa wanawake, sufuria tatu, moja ndani ya nyingine,
mfuniko mmoja.

Ndiyo, mmoja. Filamu imeusahau mfuniko.

Humo ndani anasimama peke yake katikati ya uwanja
anatoa hotuba. Hotuba nzuri, hata mimi nimeipigia makofi.
Aikaruwa hakuhutubia mtu.
Alikaa chini, juu ya mstari wa chokaa,
akafungua chupa ya chai, akaniambia,
"Na wewe kaa upande wako."
Nikakaa upande wangu, naogopa baba atasikia.
Chai ikapita chini ya neti, kikombe kimoja,
kwenda na kurudi.

Akaja Bwana Lyatuu wa kamati, soksi hadi magotini,
akatueleza kwa upole,
ule upole wa mtu mwenye funguo mfukoni:
wanaume hucheza seti tano, ninyi tatu.
Malipo hufuata jasho, binti zangu.

Aikaruwa akafuta mdomo.
"Basi tupe tano."

Sekunde arobaini. Nimezihesabu.
Seti zetu tano wamezipa sekunde arobaini
na muziki juu yake.
Hawakuonyesha seti ya tatu, nilipomlaza sita kwa sifuri,
wala kiatu chake kilivyoachama
akakifunga kwa kamba ya mgomba,
wala wale wanaume waliokuja kucheka,
wakakaa,
wakaacha kucheka,
mmoja wao akaanza kutuokotea mipira bila kuambiwa.
Hawakuonyesha giza.
Nne kwa nne, seti ya tano, mpira hauonekani,
tunapiga kwa kusikia.

Kwenye filamu anashinda.
Anainua baiskeli juu ya kichwa chake.
Nani huinua baiskeli?

Hakuna aliyeshinda. Mwamuzi alikwenda kutafuta karabai
mpaka leo hajarudi.
Tulipewa sufuria, tukagawana gizani:
mimi zote tatu, yeye mfuniko.
"Huu ni ushahidi," alisema, akaubana kwapani.
Mbili zilishatoboka. Ya tatu nachemshia maziwa,
na lazima uisimamie, maana haina cha kuifunika.

Baiskeli ilitolewa mwaka uliofuata, kwa wanawake nao.
Akaichukua msichana wa Kibosho
ambaye hakuuliza imefikaje pale mezani. Kwa nini aulize?
Wakati huo Aikaruwa yuko Nairobi, anacheza kwa kulipwa,
na mimi nina mimba ya miezi saba
na mkono wa kushoto unaowasha usiku.

Sina kinyongo. Nasahihisha matokeo tu.

Taa zikawaka. Kijana wa kiti cha nyuma
akamwambia mwenzake, yule mama alikuwa jasiri,
peke yake vile, mbele ya watu wote.

Nikageuka. Nikamuuliza kama anajua
jinsi tenisi inavyohesabiwa.
Hakujua.
Nikamwanzia kwenye sifuri.