Neno la Jikoni

Watoto kumi na watatu, baba na mama, viti kumi na vinne:
Mama alikula amesimama.
Nyumba yetu iliutazama Tornio,
ambao miezi sita ni mto
na miezi sita ni barabara ya barafu.
Hatukuwa na televisheni. Hatukuwa na mapazia.
Mwenye Mungu, alisema, hana cha kuficha.

Usiku mmoja Oiva, mkata magogo, aligonga mlango,
ananuka pombe, theluji imemganda ndevuni,
analia kama mtu aliyefukuzwa na mwili wake mwenyewe.
Mama aliinuka na mimba yake ya kumi na moja
akamkumbatia shingoni, akamwambia
neno ambalo kwetu yeyote aweza kumwambia yeyote:
Amini. Umesamehewa.
Oiva hakuonja tena.
Miaka arobaini aliwapasulia wajane kuni
wala hakuna aliyemwona akihesabu.
Nani atanishawishi kwamba lile lilikuwa bure?
Nililiona, nimeshika kikombe.

Meza ile ile, miaka minane baadaye.
Kahawa imemiminwa, mkate wa iliki umekatwa.
Mdogo wangu Aune, miaka kumi na miwili,
ameketishwa mbele ya mhubiri Eevertti,
aliyekuwa akimfundisha kinanda.
Mzee akalia. Wakamkumbatia shingoni.
Amini. Umesamehewa.
Kisha wakamgeukia Aune:
dhambi imetupwa baharini, usiivue.

Umesamehewa. Lisikilize neno lenyewe:
halimtaji aliyesamehe.
Mwenye kidonda hakuulizwa.
Aune alimaliza maziwa yake, akaosha kikombe,
na tangu siku ile hakulala mlango ukiwa umefungwa,
wala ukiwa wazi.

Daktari alimwambia Mama: wa kumi na tatu atakuua.
Mama akamjibu: anayehesabu si wewe.
Wa kumi na tatu ni Eino. Ndiye aliyenipigia simu juzi,
ndiye nimpendaye kuliko wote.
Basi hesabu hiyo niijumlishe vipi?

Tulimzika jana. Ardhi ilibidi iyeyushwe ndipo ichimbike.
Oiva, asiyeona tena, alivuta kuni kwa kijisleji
ili jiko la matanga lisizimike.
Aune alituma maua yasiyo na kadi.
Walipoimba, mimi niliyeiacha imani miaka ishirini sasa
nilijikuta juu ya sauti zao
kama mtoto mgongoni.
Sikutaka kushuka.
Nilishuka.

Leo, huku Oulu, mwanangu amevunja
kikombe pekee nilichorithi.
Amesimama juu ya vigae, anangoja.
Mikono yangu ikafika shingoni mwake kabla yangu,
na neno likanijia hadi kwenye meno.
Nikaling'ata. Nikalibadili mwanzo:
Nimekusamehe, nikasema. Mimi.

Na Bibi je? akauliza.
Kilikuwa chake.

Sijui, mwanangu.
Bibi hatukumuuliza.